Gari Lililokuwa Nyuma Yangu

Mume wangu alianza kunifuata na gari baada ya watu wawili wa pikipiki kuninyang'anya simu karibu na Dagoretti Corner. Ilikuwa Jumamosi, kumeanza kupambazuka, nami nilikuwa nakimbia peke yangu kando ya Ngong Road. Pikipiki ilipanda juu ya njia ya waendao kwa miguu, na yule aliyeketi nyuma akanyoosha mkono, akaichukua simu polepole tu, kama mtu anayepokea chenji. Sikuanguka wala sikupiga mayowe. Nilirudi nyumbani nikitembea, nikamkuta mume wangu mezani na kikombe cha chai kilichokwisha poa, nikamweleza yaliyonipata. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Wiki ijayo nitakuja nyuma yako na gari," akasema.

Sikumbuki kama alikuwa amesema maneno mengi kuliko hayo tangu Krismasi.

Alikuwa amefanya kazi katika duka moja la vitabu katikati ya jiji tangu kabla hatujaoana. Aliingia kama mbeba maboksi, akaishia kuwa msimamizi. Duka lilikuwa la familia moja ya Parklands, Wahindi waliouza vitabu vya shule na madaftari tangu enzi za babu yao. Mzee aliyeliendesha alikuwa na watoto ng'ambo, na kati yao hakuna aliyetaka kurudi Nairobi kuuza kalamu. Miguu yake iliposhindwa na ngazi za stoo, akaamua kulifunga. Siwezi kumsema vibaya. Kila mfanyakazi alipata haki yake, na siku ya mwisho aliletwa na dereva, akanywa chai amesimama katikati ya rafu tupu, akaushika mkono wa mume wangu kwa mikono yake miwili. Mume wangu aliniambia walibaki wameshikana hivyo mpaka dereva akakohoa.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Mtu aliyeamka kabla ya jogoo kwa miaka yote hiyo ana haki ya kulala. Wateja wa zamani walikuwa bado wanampigia simu kuulizia vitabu, walimu hasa, naye akawaelekeza maduka mengine. Baadaye akawa anaiacha simu ilie tu. Akaacha kunyoa ndevu. Nikitoka kwenda kazini nilimwacha kitandani, nikirudi jioni nilimkuta sebuleni, televisheni imewashwa bila sauti. Binti yetu, aliyeolewa Nakuru, alimpigia kila Jumapili. Alimjibu "tuko sawa, tuko sawa," kisha akanipa mimi simu.

Mimi hufanya kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya meno huko Parklands. Wakati huo nilikuwa nimepita miaka hamsini, mwili umenijaa, na presha ilikuwa imeanza kunisumbua. Daktari wa meno ninayefanya naye kazi, mwanamke wa Kihindi wa rika langu, alikuwa mkimbiaji. Ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye kikundi chake, watu wanaokimbia msituni Karura kila Jumapili asubuhi.

"Mama, wewe usikimbie," aliniambia. "Tembea haraka tu. Mwili ukikubali, utakimbia wenyewe."

Mwili ulikubali shingo upande. Nilikuwa wa mwisho Jumapili ya kwanza, na nilikuwa wa mwisho Jumapili zote zilizofuata. Wenzangu walikuwa watu wema. Walinisubiri kwenye maegesho, wamekwisha badilisha nguo na kunywa chai ya chupa, nikitokea walipiga makofi. Heri wasingepiga. Mtu wa mwisho anapopigiwa makofi huona kama anasamehewa jambo. Watu wanaotembeza mbwa walinipita. Siku moja mama anayeuza uji karibu na stendi ya Dagoretti aliniona napanda nikihema, akaniita kwa sauti: "Mathe, nani anakufukuza?" Wateja wake wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na pumzi ya kujibu.

Daktari ndiye aliyenitajia mbio za Nyandarua. Kilomita hamsini, sehemu kubwa yake ni kupanda, kwenye matope na mianzi. Njiani kulikuwa na vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufungwa. Ukifika umechelewa, unavuliwa namba na kurudishwa chini kwa gari. Alinitajia kama habari tu, hakunishawishi. Nilijiandikisha jioni hiyo hiyo, nimekaa kwenye dawati la mapokezi baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka. Nadhani nilitaka kuwe na jambo moja katika nyumba yetu ambalo lilikuwa bado linakuja. Mengine yote yalikuwa yamekwisha pita.

Basi mume wangu akaanza kunifuata.

Tulikuwa na gari kuukuu aina ya stesheni wagoni. Jumamosi alivaa koti juu ya pajama, akaliwasha, akangoja nifunge kamba za raba. Nilitangulia getini, naye akaja nyuma na gia ya kwanza. Tulitoka Dagoretti Corner, tukapita Kawangware watu wakifungua vibanda, tukaingia Lavington kwenye miti mikubwa, tukavuka Westlands hadi Spring Valley, ambako barabara inashuka kwa ghafla hadi mtoni halafu inapanda upande wa pili kama ukuta. Mwinuko ule ndio niliouhitaji. Niliupanda na kuushuka mpaka magoti yakalegea, kisha akanichukua, tukarudi nyumbani nikiwa nimeketi juu ya taulo.

Aliwasha taa za hazadi ili magari mengine yatukwepe. Kwa mwendo wangu, na gari nyuma likiwasha na kuzima taa, watu walidhani ni msafara wa mazishi. Huko Kawangware mzee mmoja alisimama akavua kofia. Nilimpungia mkono, akazidi kushangaa.

Hatukuzungumza. Mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma, na katikati yetu kulikuwa na kioo na mlio wa injini. Mara moja moja aliteremsha dirisha.

"Maji?"

"Bado."

Na dirisha likapanda. Nikichoka sana alisema, "Hii klachi itaungua, we mama," nami nikajua ananiambia niongeze mwendo kidogo. Nilianza kuzipenda Jumamosi zile. Kwa wiki nzima sikuwa na hakika kama mume wangu ananiona, lakini siku hiyo nilijua kwamba kwa saa kadhaa hana kitu kingine cha kuangalia ila mgongo wangu. Nilimweleza hivyo daktari.

"Na yeye, anaangaliwa na nani?" akauliza.

Sikupenda swali lile. Nilimjibu kwamba anaendelea vizuri, kwamba hata ameanza kutoka nje.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, Jumamosi moja tulikuwa Spring Valley kama kawaida. Kulikuwa na ukungu, na barabara ilikuwa na maji. Nilishuka hadi darajani, nikaanza kupanda upande wa pili, kichwa chini, nikihesabu pumzi. Mahali fulani katikati ya mwinuko nikagundua kwamba nasikia miguu yangu. Siku zote sikuisikia, kwa sababu ya injini. Niligeuka. Barabara ilikuwa tupu.

Kwanza nilifikiri ameishiwa mafuta. Nikasimama nikangoja. Askari wa nyumba moja alichungulia kupitia kidirisha cha geti, akanisalimia, nikamuuliza kama ameona gari. Akasema hapana. Hapo ndipo nilipoanza kuteremka, na nakumbuka niliteremka mbio kuliko nilivyowahi kukimbia katika maisha yangu, raba zikiteleza.

Gari lilikuwa limesimama karibu na daraja, upande usio wake wa barabara. Injini ilikuwa ikiunguruma, hazadi zikiwaka na kuzima. Mume wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele. Niligonga kioo. Hakugeuka. Nilizunguka nikafungua mlango wa pili, nikaketi, nikanyoosha mkono nikazima injini.

"Ni nini? Gari imekataa?"

Akatikisa kichwa.

"Basi ni nini?"

"Gari iko sawa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilikuwa naangalia hiyo ukuta ya daraja. Nikaona ni kitu rahisi. Halafu nikakukumbuka uko huko juu unapanda, nikasema wacha nisimame kwanza. Sasa nimesimama. Sijui kuondoka."

Nilikuwa nimelowa jasho na mvua, na ghafla baridi ikaniingia mpaka mifupani. Nilimshika mkono. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye usukani, nikavitoa kimoja kimoja.

"Imeanza lini, hii kitu?"

"Kitambo."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeshindwa na kuketi nyumbani?"

Alianza kulia. Katika ndoa yetu yote nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu, tulipomzika mama yake, na hata hapo aligeuka upande. Sasa hakugeuka. Alilia mdomo wazi, kama mtu anayetapika. Askari wa nyumba ya karibu alikuja na mwavuli, akainama dirishani.

"Madam, hapa gari haziruhusiwi kusimama," akasema. Kisha akamwona. "Pole," akasema, akarudi kusimama mbali kidogo na mwavuli wake, akawa anayaelekeza magari mengine yatupite. Alikaa pale mpaka tulipoondoka.

Mimi ndiye niliyeendesha kurudi nyumbani.

Jumatatu yake nilimweleza daktari kila kitu, tumefunga mlango wa chumba chake. Hakuniambia kwamba alijua mapema. Alimpigia simu daktari wa magonjwa ya akili anayemfahamu, palepale Parklands, na siku mbili baadaye nilimpeleka mume wangu. Kumfikisha haikuwa kazi rahisi. Alisema watu watamwona akiingia kwa madaktari wa vichaa. Ngazini alisimama akasema anarudi nyumbani, na nilimwambia kwamba akirudi, nitakaa kwenye ngazi hizo mpaka kliniki ifungwe. Akapanda. Alipewa dawa za kumeza kila siku na siku ya kurudi kwa mazungumzo. Dawa zilimfanya mzito wiki za kwanza, mdomo mkavu, usingizi usioisha. Nilificha funguo za gari ndani ya ndoo ya unga. Aliziona zilikofichwa, najua aliziona, kwa sababu ndiye aliyepika ugali jioni ile. Hatukulisema.

Mazoezi sikuyaacha. Wengine walinishangaa, nami nawaelewa. Lakini sikuweza tena kwenda mbali na nyumba, kwa hiyo nilipanda ngazi za jengo letu la kazini wakati wa chakula cha mchana, chini hadi paa, paa hadi chini, katika harufu ya rangi na sigara za watu waliojificha kuvuta. Asubuhi nilizunguka uwanja wa kanisa ulio karibu nasi, ambao ukipanda ngazi za ukumbi unaona dirisha letu la jikoni. Nilikuwa nikikimbia huku natazama kama taa imewashwa. Mwendo wangu haukuongezeka hata kidogo. Nadhani ulipungua.

Wiki ya mbio, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Limuru kukaa naye. Mimi ndiye niliyemwomba. Alipoweka mkoba wake chini alinitazama nikipanga soksi na glukosi kwenye begi.

"Kwa hivyo unaenda," akasema.

"Naenda Ijumaa, narudi Jumapili."

"Mtu wako ako hivi, na wewe unaenda kukimbia kwa msitu."

Nilikuwa nimejiuliza swali hilohilo kila usiku. Nilianza kutoa soksi kwenye begi, moja baada ya nyingine, na nilikuwa nimezitoa zote mume wangu aliposema kutoka kwenye kiti chake, "Rudisha hizo vitu."

Tukamgeukia sote wawili.

"Mwache aende," akamwambia dada yake. "Akikaa hapa atanikalia kama polisi. Nimechoka kuangaliwa." Kisha akaniambia mimi, kwa upole zaidi, "Enda. Sitafanya kitu. Nakuambia ukweli."

Nikaenda. Lakini sikuenda na moyo wote, na mlima ule unataka moyo wote.

Tulianza kungali giza, mamia ya taa za vichwani zikipanda kama mstari wa siafu. Muda si muda mstari ukanipita, nikabaki na mwanga wangu mwenyewe. Kulipopambazuka nilikuwa ndani ya mianzi, matope yakifika juu ya kifundo cha mguu, kila hatua ikitoa mlio wa kunyonya. Baridi ya huko si ya Nairobi. Niliteleza nikakalia shina lililokatwa, nikapasua suruali na ngozi. Nyuma yangu alikuja mfanyakazi wa mbio anayefuata mtu wa mwisho na kuokota alama za njia, riboni nyekundu zilizofungwa kwenye matawi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Nilisikia akizifungua riboni nyuma yangu, moja moja, na nikajua kwamba nikishapita, njia inatoweka.

"Usijali mimi, mama," alisema. "Enda na mwendo yako."

Mwendo wangu ndio uliokuwa tatizo. Kituo cha kwanza nilikipita kwa bahati. Kabla ya cha pili kulikuwa na mwinuko mrefu, na kila nilipofikiri nimefika kileleni, nyuma yake kilitokea kilele kingine. Nilijaribu kumpigia mume wangu. Hakukuwa na mtandao. Nilijaribu tena nilipoona uwazi kwenye miti, na tena, nikisimama kila mara, na kila kusimama kulinipotezea muda ambao sikuwa nao. Nilijua. Sikuweza kuacha.

Nilipotokea kwenye kituo cha pili walikuwa wanakunja hema. Mwanamume mmoja alikuwa anamwaga supu iliyobaki kwenye nyasi. Msichana mwenye jaketi ya njano alinijia akitabasamu kwa huruma, na kabla hajasema chochote nilikwisha anza kufungua pini za namba kifuani.

"Pole sana, mum. Umejaribu."

"Imepita sana?"

"Kidogo tu."

Afadhali angesema imepita sana.

Nilirudishwa chini nyuma ya pikapu, pamoja na mapipa ya maji na maganda ya ndizi, na mwanamume mwingine aliyevunjika kifundo. Hakulalamika, nami sikulia. Tulitazama msitu ukirudi nyuma. Pikapu ilipofika kwenye barabara ya lami simu ikapata mtandao, ikaingia meseji moja ya wifi yangu: *Amekula. Amelala.* Nikaisoma mpaka kioo kikajizima.

Jumapili alasiri nilifika nyumbani nikitembea upande upande, miguu imevimba. Wifi yangu alikuwa ameenda kanisani kwa ibada ya wanawake. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, kwenye jua. Alikuwa amenyoa ndevu, vibaya, na alikuwa amejikata kidevuni.

"Umemaliza?" akauliza.

"Hapana. Wamenisimamisha katikati."

Akasogea, nikaketi kando yake kwa shida. Nilifikiri mazungumzo yamekwisha, kwamba siku nyingine imepita vilevile.

"Ilikuwa aje huko?" akauliza.

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza juu ya taa zilizopanda, matope, mwanamke wa riboni. Aliniuliza mianzi ni minene kiasi gani, na kama kuna ndovu. Nikamwambia tuliona kinyesi chao, kibichi, na yule mwanamke akasema tusisimame. Akaguna, karibu acheke. Nilipofika kwenye ule mwinuko mrefu, kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukuta, macho yamefumba, mdomo umefunguka kidogo. Dawa zilikuwa zinamlaza hivyo wakati wowote. Nilimalizia habari yenyewe kwa sauti ya chini, supu iliyomwagwa na pikapu, ingawa hapakuwa na wa kusikiliza. Kisha nilitaka kusimama nimletee blanketi, na miguu ikakataa kabisa, nikabaki hapo hapo mpaka dada yake aliporudi akatuinua sote wawili.

Wiki ile kucha mbili za miguu zilidondoka. Sijajiandikisha tena kwa mbio zozote. Mume wangu bado anameza dawa, na daktari wake amemwambia asiziache hata akijiona mzima. Kuna miezi mizuri. Shule moja ya jirani ilimwomba awapangie vitabu vya maktaba, akaenda siku tatu kwa wiki, halafu mwezi wa nane ukamwangusha tena na akaacha kwenda. Wamemwambia nafasi ipo. Asubuhi nikiondoka humuuliza kama leo ataamka, naye husema ataona. Nikifika kazini nangoja wagonjwa wa kwanza waingie, ndipo nampigia. Siku nyingine anapokea.